Nilisingizia Corona Ili Ndugu Wasimwone Baba

Nimekosa. Naanza hapo ili msije mkadhani naandika kutafuta huruma. Huruma zenu kaeni nazo.

Nilimfungia baba yangu mzazi ndani ya nyumba yake mwenyewe, nikawazuia ndugu zake wasimwone, na kisingizio changu kilikuwa ugonjwa uliokuwa unaua watu. Yote hayo kwa ajili ya nyumba na migomba! Nitukaneni mkitaka. Nimeshatukanwa na wanaonijua, matusi ya mtu nisiyemjua hayataniongezea kitu.

Kwetu ni Machame, kule juu ambako mvua ikinyesha gari halipandi. Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa alishapewa sehemu yake zamani, akajenga, hana ugomvi na mtu, na katika habari hii hayumo. Mimi ni wa kati. Wa mwisho ni mdogo wangu wa kiume, nimwite Aminieli, ingawa si jina lake.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: kihamba ni ile ardhi ya nyumbani, yenye nyumba, migomba, kahawa, zizi la ng'ombe na makaburi ya wazee. Nyumba ya baba huwa ni ya mtoto wa kiume wa mwisho. Sisi wa kike tunaolewa, tunaondoka. Ukirudi unapewa kitanda na chakula, lakini ardhi hupewi, labda baba mwenyewe atamke mbele ya ukoo kwamba amekupa. Akishatamka na wazee wamesikia, hakuna wa kukutoa.

Basi mimi nilirudi. Niliolewa Kibosho, ndoa ikanishinda, nikaja na mabegi mawili na shuka nililokuwa nimefungia vyombo. Mama alikuwa ameshafariki. Baba nilimkuta peke yake, shati limechanika kwapani, anakula ndizi za juzi zilizopoa.

Nikamshika baba yangu. Miaka tisa! Nilimpikia mtori, nilimkata kucha, nilimpeleka hospitali mtoto wa jicho alipomfunga macho, na masikio yalipokuwa mazito nilijifunza kusema naye kwa sauti bila kumfokea. Nilikata majani ya ng'ombe mpaka mikono yangu ikawa kama ya mwanamume. Hilo sijisifu, ila nataka mjue kwamba sikuwa mtu wa kuja siku ya msiba na miwani myeusi.

Na Aminieli alikuwa wapi? Arusha, anaendesha wageni mbugani. Alikuwa anakuja Krismasi tu. Anachinja mbuzi, anapiga picha amemkumbatia mzee, anagawa soda kwa majirani, na mwaka mpya ukishaingia hayupo. Majirani wanasema, yule kijana anampenda baba yake! Mimi niliyekuwa naosha sufuria za huyo mbuzi hakuna aliyeniona.

Halafu corona ikaja. Wageni wakakatika, magari ya mbugani yakalala. Wiki chache baadaye nikasikia honi chini ya migomba. Aminieli huyo, na pikapu. Nyuma kuna kitanda cha futi sita, makochi, friji, na mke wake amekaa mbele amebeba televisheni mapajani.

"Asee dada," akasema, anacheka, "tumerudi nyumbani."

Tumerudi nyumbani! Niliona giza. Nikafunga geti, nikaweka na kufuli.

"Huingii. Umekaa na wazungu gari moja, unataka kuja kumuua baba?"

"Wageni wa mwisho niliwashusha wiki tatu zimepita. Siumwi, sikohoi. Dada, acha mambo yako, fungua."

"Wazee ndio wanaokufa. Nenda ukakae siku kumi na nne huko unakojua."

Mkewe akateremsha kioo. "Wifi, sema tu unataka nyumba."

"Na wewe unayekuja na makochi, unataka nini? Kumjulia hali?"

Wakatukana, nami nikatukana. Mambo tuliyosemeana pale siyaandiki, na majirani walisimama kila mmoja kwenye uzio wake wakisikiliza bure. Mwisho pikapu likageuka, wakaenda kupanga chumba Bomang'ombe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wapo watakaosema nilifanya sawa. Tahadhari ilikuwa sawa! Wazee walikuwa wanakufa kweli, hata kwetu kengele ya kanisa ililia mara nyingi kuliko kawaida. Kunawa, barakoa, kukaa mbali na mzee, hayo nayakubali mpaka leo. Ila mimi mwenyewe sikuyafuata. Niliendelea kwenda soko la Kwa Sadala mara mbili kwa wiki na ndizi zangu na maparachichi, barakoa iko kidevuni, tunasemezana na wanunuzi uso kwa uso. Nikirudi naingia chumbani kwa baba namtandikia kitanda. Corona ya wengine niliiogopa, ya kwangu sikuiona.

Siku kumi na nne zikaisha. Aminieli akarudi, peke yake safari hii, amevaa barakoa, ameshika chupa ya kitakasa mikono. Nikamwambia wataalamu wamesema wazee wasikaribiwe kabisa. Akaniuliza wataalamu gani. Nikamwambia akawaulize mwenyewe. Akapiga teke geti, akaondoka.

Ila Aminieli hakuwa hofu yangu kubwa. Hofu yangu ilikuwa Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni mdogo wake baba, wamefuatana kuzaliwa. Anakaa ng'ambo ya mfereji, mkipiga kelele mnasikiana. Ndiye anayeongoza vikao vya ukoo wetu, mtu mkavu, hacheki ovyo. Na baba alianza kumtaka. Kila asubuhi nikimpa chai ananiuliza, "Mdogo wangu anakuja lini? Nina neno la kusema. Mwite, aje na wazee wawili watatu."

Nikajua neno lenyewe! Au nilidhani najua. Mzee anayeanza kuita ukoo anataka kugawa, na akigawa mbele ya Baba Mdogo atagawa kwa mila. Nyumba kwa Aminieli. Mimi nitabaki na kile kitanda cha kupewa, tena chini ya yule mwanamke mwenye televisheni.

Kwa hiyo nikasema uongo. Nikamwambia baba kwamba Baba Mdogo anaogopa ugonjwa.

"Yeye?" baba akashangaa. "Nilipougua surua alilala na mimi kitanda kimoja, mama yetu akamchapa. Leo ananiogopa?"

"Watu wamebadilika, baba."

Simu yake ndogo niliizima nikaificha kwenye debe la unga. Nikamwambia betri limekufa na mafundi wamefunga.

Baba Mdogo alikuja. Mara ya kwanza nikamwambia mzee amelala. Mara ya pili nikamwambia mzee mwenyewe amekataa kuonana na watu. Mara ya tatu alikuja na wazee wawili wa ukoo, mvua inanyesha, amejifunika mfuko wa salfeti kichwani.

"Shikamoo, baba," nikasema nikiwa upande wangu wa geti.

"Marahaba. Fungua, mama. Tutakaa kibarazani, mbali naye. Tumevaa hivi vitambaa. Kaka yangu aliniambia nije na watu."

"Alikuambia lini?"

"Kabla ya hii balaa. Fungua."

"Siwezi, baba. Corona."

Akanitazama. Wale wazee wawili walikuwa wanatetemeka kwa baridi, mmoja wao ana umri wa baba. "Wewe jana ulikuwa sokoni," akasema Baba Mdogo, polepole. "Mke wangu alikuona." Wakasimama kidogo, wakageuka, wakaanza kuteremka kwenye utelezi wameshikana mikono. Nami nikaingia ndani nikampa baba chai, nikamwambia hakuna aliyekuja.

Hakuna aliyekuja! Mdomo wangu huu huu.

Wiki hiyo nikaamua kumaliza. Nikaenda stationari nikachapisha karatasi, juu imeandikwa WOSIA kwa herufi kubwa, chini kwamba nyumba na kihamba chote ni changu. Mashahidi nikawaweka wawili, yule dada mchapaji na rafiki yangu wa sokoni. Niliona nimekuwa mjanja kuliko ukoo mzima.

Nikampelekea baba. Sikumficha, nilimwambia ukweli, labda ni ukweli pekee niliomwambia mwaka ule. "Baba, nataka uniandikie nyumba. Weka dole gumba hapa."

Akasema, "Maneno haya hayasemwi chumbani, mwanangu. Waite watu. Nitasema wakiwepo."

Mngekuwa nyinyi mngeelewa nini? Mimi nilielewa amekataa. Nilidhani anataka watu waje wamsaidie kuninyima. Hasira ikanipanda, miaka tisa yote ikanipanda kooni! Nikachukua wino, nikamshika mkono wake, nikakandamiza dole gumba lake kwenye karatasi. Mzee hakuwa na nguvu ya kushindana na mimi.

"Unanishika kama mwizi," akasema.

Nikamfuta wino kwa khanga yangu, nikatoka.

Siku kama tano baadaye mimi nikashikwa na mafua na mwili kuuma. Nikajifukiza majani ya mkaratusi na malimao, nikapona. Baba akashikwa baada yangu. Kwanza homa, kisha kukohoa, kisha pumzi zikawa fupi. Walioandika kwenye cheti waliandika changamoto ya kupumua. Hakuna aliyempima, kwa hiyo hakuna wa kuniapia kwamba mimi ndiye niliyemletea. Ila katika nyumba ile nani mwingine alikuwa anatoka na kuingia?

Alifariki asubuhi, nikiwa namnyanyua anywe uji.

Tulimzika kwenye kihamba, watu wachache, wamesimama mbalimbali, mchungaji amesoma kwa haraka. Aminieli alilia mpaka akakaa chini kwenye udongo, na mimi moyoni nikawa nasema, lia tu, karatasi ninayo. Mnaona nilivyokuwa? Baba hajapoa na mimi nawaza karatasi!

Siku ya tatu ukoo ukakaa uani. Kaka mkubwa naye alikuwepo. Nikasubiri wamalize kusali, nikatoa karatasi yangu kwenye bahasha, nikampa Baba Mdogo. Akavaa miwani, akaisoma yote. Akampa Aminieli.

Aminieli akacheka, cheko baya. "Mashahidi ndio hawa? Muuza nyanya na mchapaji? Dada, umemwandikia marehemu wosia kama tangazo la kupotelewa na mbuzi!"

"Ulimwosha wewe?" nikapiga kelele. "Ulimlisha wewe? Ulikuwa unajua hata dawa yake inaitwaje?"

"Ulininyima kumwosha! Ulifunga geti! Nimemzika baba yangu sijamwona miezi minne, mchawi wewe!"

Wanaume wakasimama katikati yetu. Baba Mdogo hakusimama. Alisubiri tunyamaze, akavua miwani.

"Huyu binti," akasema, na hakuniita mama kama alivyozoea, "kaka yangu aliniambia habari zake Krismasi iliyopita. Tulikuwa wawili, pale kwenye kahawa. Alisema nyumba na sehemu ya zizi atampa yeye, kwa sababu amemlea. Aminieli atapewa sehemu ya juu, ile yenye kahawa. Alisema, lete wazee nitamke, tupande miti ya masale kwenye mpaka, mambo yaishe nikiwa hai. Nilikuja mara tatu. Mara ya tatu nilikuja na hawa wawili wanaokaa hapa."

Wale wazee wawili wakaitikia kwa vichwa.

Nilishika nguzo ya zizi. "Basi semeni hivyo, baba! Semeni alinipa!"

"Nilisikia anataka kukupa. Sikusikia amekupa. Siku ya kusikia ulinifungia geti. Nikisema leo kwamba alitamka, nitakuwa nimedanganya juu ya kaburi la kaka yangu, na wewe mdanganyifu mmoja unatosha katika ukoo huu."

Jamani! Nyumba ilikuwa yangu. Ilikuwa inakuja kwangu kwa miguu yake, kwa mvua, imejifunika salfeti, nami nikaifukuza!

Sikukubali. Nilikwenda mahakama ya mwanzo na karatasi yangu. Hakimu akaniuliza katika mashahidi ni nani wa ukoo. Hakuna. Akaniuliza marehemu alisomewa mbele ya nani. Karatasi ikawekwa pembeni, Aminieli akawa msimamizi wa mirathi kwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kule nyuma mkewe alikuwa anasinzia, hata hakuwa na wasiwasi.

Aminieli alinipa kipande cha shamba tambarare, mahali pa mahindi, mvua ikikosa unavuna vumbi. Alisema nishukuru. Makochi yake yameingia. Ng'ombe niliyemzalisha kwa mikono yangu aliuzwa kabla ya mwezi kwisha. Mimi nimepanga chumba Kwa Sadala nyuma ya mashine ya kusaga, na bado nauza ndizi, za kununua kwa watu.

Nilimpelekea Baba Mdogo jani la sale, ambalo kwetu ukilibeba kuomba radhi mtu hawezi kulikataa. Alilipokea. Akasema amenisamehe. Kisha akasimama akaenda kukata majani ya ng'ombe, akaniacha nimekaa kibarazani kwake peke yangu mpaka nikaondoka.

Bado namchukia Aminieli, sidanganyi. Hakumlea mzee hata siku moja na leo analala chumba cha mzee. Lakini hakuninyang'anya yeye. Nilijinyang'anya mwenyewe, halafu nikampa ufunguo.

Kwa hiyo wewe unayemlea mzazi sasa hivi, unayeosha na kulisha huku ndugu zako wanatuma salamu za sikukuu, nakuambia bila kukubembeleza. Uchungu wako ni wa haki. Lakini mzee akisema waite watu, waite! Ugonjwa ukiwepo, wakae uani, waseme kupitia dirishani, wavae barakoa tatu. Mwite hata yule unayehisi ni adui yako, tena huyo mwite wa kwanza, maana neno la mzee asipolisikia yeye atalikana. Usiandike karatasi ya peke yako. Na nyinyi wazee, msingoje! Mnakaa na neno moyoni miaka, mnataka siku nzuri, ng'ombe wachinjwe, pombe ya mbege iive. Semeni mkiwa na pumzi.

Kuna jambo moja sijalisema mpaka hapa. Hata Aminieli halijui, na mchungaji sikumwambia.

Siku moja kabla ya kufa, baba alifumbua macho akanitafuta kwa mkono. Pumzi zilikuwa zinakatika, ila maneno yalitoka. "Mdogo wangu hakuja," akasema. "Aminieli hakuja. Watu wote wameniacha, umebaki wewe. Aika, mwanangu." Aika ni asante ya kwetu. Alinishukuru! Angeweza kuondoka akijua kwamba mdogo wake alikuja getini mara tatu, ya mwisho akinyeshewa, na kwamba mwanawe alipiga teke lile geti kwa kumtaka yeye. Ilihitaji mdomo wangu tu.

Nikamwambia, "Asante, baba," nikamfunika blanketi.

Usimwambie mzee kwamba ameachwa wakati hajaachwa. Hana pa kwenda kuuliza. Atakuamini wewe, na atakufa akiamini.